Saumu ya Shamila

Pale Gongoni, Tabora, mtu akitaka kujua kiuno cha jirani yake kina inchi ngapi, hakuwa na haja ya kuuliza. Ilitosha awe amekaa karibu na baraza ya Fundi Abdulatifu siku jirani huyo alipokwenda kupimwa. Fundi Latifu, kama alivyoitwa na watu wote, alijifunza kushona kwa baba yake, na baba yake alipima kwa sauti. Mkono mmoja umeshika tepu, mwingine umeshika chaki, wa kuandikia uko wapi? Kwa hiyo fundi alitaja, na mtu mwingine akaandika.

"Kifua arobaini na mbili," angesema. "Kiuno arobaini na moja. Nyonga..." Hapo alinyamaza kidogo, kama mtu anayetangaza matokeo ya uchaguzi. "Nyonga hamsini na moja, na tuseme alhamdulillahi."

Wateja walicheka. Mwenye nyonga naye alicheka, maana angefanya nini. Wengine walijifunza kuvuta tumbo ndani mara tu wanapoiona tepu, wakabaki hivyo, nyuso zimewaiva, mpaka fundi alipowaambia kwa upole kwamba nguo yenyewe wataivaa wakiwa wanapumua. Majidi muuza kahawa, ambaye jiko lake lilikuwa hatua sita kutoka barazani, alizichukua habari hizo pamoja na vikombe vyake hadi mwisho wa mtaa.

Mwandishi wa vipimo alikuwa Shamila, binti pekee wa fundi. Alianza akiwa na miaka tisa, alipojua kuandika tarakimu bila kuzigeuza. Sasa alikuwa na miaka kumi na minane, amemaliza kidato cha nne, anangoja nafasi ya chuo, na bado alikaa kwenye kigoda kilekile kando ya cherehani, kaunta buku magotini. Alikuwa na mwandiko mzuri kuliko karani yeyote. Na kwa miaka yote tisa hakupata kuandika kiuno kimoja ambacho mwenye nacho alikifurahia.

Zamani wateja walichagua mishono kwenye bango lililobandikwa ukutani. Sasa bango lilikuwa limebaki kuziba ufa, na kila mteja alikuja na picha yake kwenye simu. Mwaka huo picha zote zilikuwa za mtu mmoja. Alijiita Bibie Nyigu. Hakuna aliyejua anaishi mji gani, ila kila mwanamke wa Tabora mwenye bando alijua alichokula jana, ambacho kwa kawaida kilikuwa nusu tikiti na maji ya ndimu. Kiuno chake kilikuwa chembamba hata ungedhani sehemu ya juu na ya chini zimekutana kwa bahati. Wateja wa Fundi Latifu, akina mama waliolelewa kwa ugali na mlenda wenye karanga, walimwekea simu puani wakasema wanataka huohuo.

"Mshono nitakupa," fundi alikuwa akijibu. "Kiuno utakuja nacho mwenyewe."

Watu walicheka tena. Shamila hakuinua macho kutoka kwenye daftari.

*

Saumu yenyewe ilianza vizuri, kama saumu za watu wote. Shamila alifunga Ramadhani. Ilipokwisha alilipa siku alizodaiwa. Baada ya kulipa akafunga siku sita za Mfunguo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, jambo lililompendeza baba yake, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa akizianza kila mwaka na kuishia ya pili. Baada ya sita akaingia Jumatatu na Alhamisi. Baada ya hizo akaongeza siku tatu za mbalamwezi, zile za katikati ya mwezi. Kufikia Mfunguo Sita zilikuwa zimebaki siku chache sana za wiki ambazo Shamila hakufunga, na hata katika hizo alisema hana njaa.

Fundi Latifu hakuwa mtu wa majivuno. Msikitini alilitaja jambo hilo mara tatu tu, na mara zote kwa njia ya kulalamika. Alisema ana binti anayemtia aibu kwa ibada, mtu hawezi kunywa chai kwa amani ndani ya nyumba yake. Wazee wakatikisa vichwa, wakasema mashallah. Yeye naye, ili asizidiwe na mtoto, akaanza kufunga Jumatatu, na kila Jumatatu alihakikisha Majidi anamletea kahawa ili apate kuikataa mbele ya watu.

Habari zilienda kwa miguu ya Majidi. Wanawake wakaanza kumwendea Shamila wawaombee dua. Mmoja alileta mtoto mwenye kikohozi. Mwingine alitaka mume wake apate uhamisho kutoka Puge, na baada ya mwezi akarudi kumwomba amrudishe hukohuko, maana mume alipofika nyumbani alikuwa na mdomo mwingi kuliko alivyokumbuka. Shamila aliwaombea wote kwa sauti ndogo, akiwa amejifunika mtandio mzito ingawa joto la Tabora mwezi ule lilikuwa la kuyeyusha nta.

Mama yake, Mwanajuma, ndiye pekee ambaye hakusema mashallah. Yeye alikuwa mpishi, na mpishi huona sahani. Tangu Mfunguo Mosi, Shamila alikuwa akichukua futari yake na kwenda kuila chumbani, akisema anataka kusoma Kurani kwa utulivu. Sahani ilirudi tupu, safi kama imelambwa. Sasa Mwanajuma alijiuliza: huyu anayemaliza sahani iliyojaa kila magharibi, mbona mashavu yameingia ndani? Na mbona bata anashindwa kupita chini ya uzio?

Alikuwa na bata dume mmoja mwenye kiburi, aliyezoea kutoka kila asubuhi kupitia upenyo ulio chini ya uzio wa mabati na kwenda kufanya ugomvi kwa majirani. Miezi miwili ya mwisho alikuwa amenenepa hata akakwama. Ikambidi Mwanajuma amsukume kwa nyuma kama gari lililozima, na mara mbili majirani walilazimika kumvuta kwa upande wao.

*

Siku ya Jumatano kwaya ya kanisani ilikuja kupimwa sare ya jubilei. Walikuwa wanawake ishirini na wanne, wakiongozwa na Pelagia, nesi wa zahanati, mwanamke mpana mwenye sauti ya nne, ile nzito ya wanaume, ambayo ilisemekana hutikisa mishumaa. Kitambaa walichochagua kilikuwa kitenge cha miduara mikubwa, na mshono, bila shaka, ulikuwa wa Bibie Nyigu.

Fundi alifanya kazi kwa raha zote. Alitaja, akatania, wakacheka, Shamila akaandika. Walipofika nusu alikumbuka kwamba Shamila naye alihitaji gauni la harusi ya binamu yake, akamwambia asimame apimwe mara moja, tepu ikiwa mkononi. Binti alisitasita, kisha akasimama. Fundi akamzungushia tepu juu ya mtandio na kutaja kabla hajafikiri, kama alivyozoea.

"Kiuno ishirini na tatu."

Wanakwaya wakapiga vigelegele. Mmoja alisema huyo ndiye Bibie Nyigu wa Tabora. Fundi aliangalia uso wa mwanawe akaona kitu ambacho hakuwa amekiona kwa miezi mingi. Shamila alikuwa akitabasamu.

Pelagia peke yake hakupiga kigelegele. Alikuwa akiutazama mkono wa msichana ulioshika kalamu.

Jioni fundi alifungua daftari. Kabla ya Ramadhani, kwa ajili ya gauni la Idi, kiuno cha Shamila kilikuwa ishirini na tisa. Inchi sita. Alifanya ambacho fundi yeyote mwenye akili angefanya: aliishuku tepu. Tepu za kitambaa huvutika zikizeeka. Aliinyoosha juu ya rula ya chuma, inchi kwa inchi, akaikuta sawasawa. Akachukua tepu mpya kabatini, akaipima ile ya zamani kwa mpya, kisha mpya kwa zamani. Zote zilikubaliana. Ikawa hana wa kumlaumu, akakaa kwenye kigoda cha mwandishi akiwa na tepu mbili shingoni.

Hapo ndipo Mwanajuma alipoingia akiwa ameshika bangili, na bangili ina kinyesi cha bata.

Alieleza bila haraka. Magharibi ile alikuwa amejificha nyuma ya pipa la maji. Dirisha la Shamila likafunguka. Ukatoka mkono umeshika sahani ya wali na maharage, ukaimwaga yote chini, na bata alikuwa tayari amekaa pale kama mtu aliyealikwa. Mkono ulipotikisa sahani, bangili ikateleza ikapita kiganja chote, ikaanguka. Bata akaidaka. Mwanajuma alilazimika kumkimbiza ua mzima mpaka akaitema juu ya kinyesi chake.

"Bangili hii nilimvisha mimi kwa sabuni, Baba Shamila," alisema. "Ilikuwa haitoki."

Fundi Latifu aliiangalia ile bangili. Halafu akasema jambo ambalo baadaye lilimfanya aone haya kila alipolikumbuka. Alisema kulisha wanyama ni sadaka.

Mwanajuma aliiweka bangili juu ya cherehani, mahali ambapo hangeweza kushona bila kuiona, akatoka.

*

Asubuhi iliyofuata ilikuwa Alhamisi. Wanakwaya waliobaki walikuja, Pelagia akiwa wa mwisho kwenye foleni. Fundi alikuwa kwenye nyonga ya mwimbaji wa kumi na tisa, ametaja arobaini na nane mara mbili, na hakusikia kalamu. Alipogeuka, Shamila alikuwa ameinama polepole, kama anayetafuta sindano, kisha akalala juu ya rundo la kitenge cha miduara bila kutoa sauti.

Watu wengi walianza kusema kwa pamoja. Mmoja alisema mashetani. Mwingine aliuliza, kwa sauti aliyodhani ni ya chini, kama binti hana mimba. Pelagia aliwasukuma wote kwa kiwiliwili chake, akapiga magoti, akaushika ule mkono aliokuwa ameutazama jana, akasikiliza mapigo. Akamfungulia mtandio. Fundi akaona shingo ya mwanawe na mifupa iliyo chini yake.

"Amekula nini?" Pelagia aliuliza.

"Amefunga," fundi alijibu.

"Tangu lini?"

Alifikiri kusema tangu alfajiri. Lakini mkewe alikuwa amesimama mlangoni. "Tangu Ramadhani," alisema.

Pelagia alihesabu kwa vidole, vikaisha vya mkono mmoja. "Fundi," alisema, "hata sisi Kwaresima yetu ina Pasaka."

Zahanati walimpa maji ya chumvi na sukari, wakampima kwenye mizani, na Pelagia akawaweka wazazi wawili kwenye benchi. Aliwaambia kwamba huu si uchawi, si mimba, na wala si utundu. Ni ugonjwa. Mtu anaanza kwa kupunguza kidogo, anasifiwa, anapunguza tena, mwisho njaa yenyewe inakuwa bosi wake, na hata akitaka kula hawezi. Alisema huwapata wasichana, na wavulana pia, na si wa miji mikubwa tu. Moyo unaweza kusimama. Angemwandikia barua ya kwenda hospitali kubwa, kwa daktari na kwa mshauri, na lazima waende kesho yake. Mwanajuma akauliza ugonjwa huo unaletwa na nini. Pelagia alisema mara nyingi haiwi kitu kimoja. Kuna hofu za umri ule, kuna hizi simu zinazowaonyesha viuno mchana kutwa, na kuna maneno wanayoyasikia kwa watu. Aliposema maneno, hakumwangalia fundi, na fundi aliona kwamba hakumwangalia.

*

Alasiri alikwenda kwa Ustadhi Shomari, aliyemfundisha Shamila madrasa. Njiani alipanga maneno. Moyoni bado alikuwa na tumaini dogo la kuambiwa kwamba binti yake ni walii, na kwamba mawalii huanguka.

Ustadhi alikuwa akitengeneza mlango wa banda la kuku. Alisikiliza habari yote akiwa na misumari mdomoni. Kisha akaitema kiganjani na kuuliza swali moja tu: jua likizama, anafuturu nini?

Fundi alisema, bata.

Ustadhi akangoja. Fundi akaeleza. Ustadhi hakucheka, ingawa ndevu zilicheza kidogo.

"Latifu, saumu ni kujizuia mpaka jua lizame," alisema. "Jua la huyu mtoto limezama mara mia mbili, na hakuna aliyemwambia afungue. Mola hakuomba hiki. Aliyekiomba ni mwingine, na wewe umempigia makofi."

Fundi Latifu aliswali magharibi kwenye safu ya nyuma kabisa, ambako hakuzoea kukaa. Alipoinua mikono kuomba dua hakupata maneno yale marefu aliyoyajua kwa moyo. Alisema, Ya Rabbi, nilikuletea kipimo nisichokipima. Nirudishie mwanangu. Akarudia hilo la mwisho mpaka msikiti ukabaki na yeye na mwadhini anayekunja mikeka.

*

Kesho yake walikwenda hospitali, wakakaa kwenye foleni, wakarudi na karatasi ya mshauri. Ilisema Shamila ale kidogo kidogo mara sita kwa siku. Asile peke yake. Asihimizwe kwa kelele wala asitazamwe mdomoni. Mtu yeyote nyumbani asizungumzie unene wala wembamba, wake wala wa mtu mwingine. Fundi aliisoma mara mbili na kuona kwamba karatasi hiyo imemfungia biashara.

Lakini alikuwa na mpango wake. Usiku kucha alikuwa amefikiri juu ya Bibie Nyigu, akaona kwamba huyo ni adui anayeweza kupigwa. Alimwomba Shamila simu, akavaa miwani, akaitazama picha ya lile gauni kama anavyotazama mshono uliokataa. Kisha akateremsha kutoka rafuni lile jora la kitenge cha miduara, kwa sababu Bibie Nyigu alikuwa amevaa kitenge hichohicho.

"Tazama," alimwambia mwanawe, akiwa na furaha ya mtu aliyeshika mwizi. "Huu mduara wa begani ni mduara. Wa pajani ni mduara. Wa kiunoni ni yai. Kiwanda hakichapi mayai. Na mlango ulio nyuma yake umepinda hapa, mahali pa kiuno tu. Picha imebinywa, Shamila. Huyu mwanamke ana kiuno kama cha mama yako."

Mwanajuma, aliyekuwa akichambua mchele, alisema asante.

Shamila aliitazama picha bila mshangao. "Najua, Baba," alisema. "Sote tunajua. Kuna programu ya kufanyia. Hata yeye mwenyewe alishaonyesha anavyofanya, watu wakampenda zaidi."

Fundi alibaki na jora mikononi. Aliuliza, kama wanajua, sasa je?

"Nikiwa nawe hapa, najua. Nikisimama mbele ya kioo, sijui tena." Alivuta uzi uliochomoza kwenye jora. "Na si yeye tu. Yeye nimemjua mwaka jana. Mimi ninaandika daftari tangu nina miaka tisa."

Akainuka, akaenda kwenye kabati la madaftari ya zamani, akachomoa moja bila kutafuta. Alilifungua ukurasa aliokuwa akiujua, akaliweka juu ya cherehani karibu na bangili. Ilikuwa Idi ya mwaka ule alipokuwa na miaka kumi na miwili. Kwenye mstari wa jina lake, kiuno kilikuwa kimeandikwa thelathini, kikakatwa, na juu yake, kwa mwandiko uleule mzuri, kikaandikwa ishirini na sita.

"Ulitaja thelathini," alisema. "Ukasema andazi limeumuka. Palikuwa na watu tisa. Majidi akalipeleka mpaka mwisho wa mtaa, na mpaka namaliza shule ya msingi waliniita Andazi."

Fundi alilikumbuka jina. Alikuwa amedhani ni la mapenzi. Yeye mwenyewe aliwahi kumwita hivyo mbele ya wageni, akiwa amejaa upendo. Halafu akakumbuka kitu kingine. Alikumbuka gauni la Idi ile, lililokatwa kwa vipimo vya daftari, likagoma kufunga mgongoni asubuhi ya sikukuu. Hakuelewa kosa lilitokea wapi. Alicheka, na mbele ya shangazi wote wa Shamila alisema andazi limezidi kuumuka.

Alivua miwani. Alitaka kusema kwamba hakukusudia, na kwamba hata yeye baba yake alimtaja kwa sauti. Yote yalikuwa kweli, na hakuna lililokuwa na faida.

"Nisamehe, mwanangu," alisema.

Shamila alilifunga daftari yeye mwenyewe, akalirudisha kabatini.

*

Baraza ikawa kimya. Fundi alipima bila kutaja, kisha akaweka chaki chini, akachukua kalamu na kuandika mwenyewe, mwandiko wake ukiwa kama nyayo za kuku. Wateja waliona ajabu. Mwanamke mmoja aliuliza kwa nini yeye hatajwi, kwani ana ubaya gani. Majidi alilalamika kwamba kahawa hainywewi bila habari. Sare za kwaya zilipotoka, nesi Pelagia alikuta gauni lake lina nyonga ya mtu mwingine, na mtu huyo mwingine, aliyepewa nyonga ya Pelagia, angeweza kuingia kwenye lake pamoja na mwenzake. Pelagia alisema hakuna neno, katika jubilei ataimba amekaa. Fundi akalifumua akalishona upya, na hakulipisha.

Ndani ya nyumba vita ilikuwa ya vijiko. Wiki ya kwanza Mwanajuma alipika kana kwamba kuna matanga, mpaka mshauri akamwambia apunguze. Kwa kuwa amekatazwa kumtazama mtoto mdomoni, alikaa amempa mgongo na kumtazama kwenye mfuniko wa sufuria. Kuna siku Shamila alikula vijiko vitano. Kuna siku alikula kimoja, akalia, akaomba aachwe. Waliweka wavu wa mbu wa chuma kwenye dirisha lake. Kila baada ya wiki mbili walikwenda hospitali, na mizani ilipanda kidogo, ikashuka, ikapanda kidogo. Mshauri alisema njia ni ndefu. Fundi alikuwa mtu wa kuulizwa nguo itakuwa tayari lini, na safari hii yeye hakuuliza.

Jumatatu moja, saa nne ya asubuhi, Shamila alikuja barazani mwenyewe. Alikuwa hajakaa pale tangu siku aliyoanguka. Mama yake alimfuata na bakuli la uji wa karanga uliotiwa asali ya Ipole, vijiko viwili ndani yake, akaliweka juu ya kigoda, akaondoka haraka kabla macho hayajamponyoka. Ilikuwa saa ya watu. Kulikuwa na wateja wawili, Majidi na birika lake, na kwa mbali Ustadhi Shomari akirudi sokoni na kapu.

Shamila alilishika bakuli, akaliangalia. Kijiko hakikuinuka. Dakika zikapita.

"Karatasi imesema nisile peke yangu," alisema mwishowe.

Mwanajuma alikuwa amekwenda. Wateja walikuwa wageni. Fundi Latifu alikuwa amefunga, kwa maana Jumatatu zake hakuziacha. Ndiyo fahari pekee iliyombakia, na nusu saa tu iliyopita alikuwa ameikataa kahawa ya Majidi kwa sauti ya kusikika. Alimwangalia Majidi. Alimwona Ustadhi anakaribia. Kisha akaangalia ule mkono ulioshika bakuli, na bangili iliyorudishwa, ambayo sasa ilikuwa imefungwa uzi mwekundu isianguke.

Alitandika kitambaa magotini, akachukua kijiko cha pili kwenye bakuli, akasema bismillahi, akala.

Majidi aliacha kumimina. Ustadhi alifika, akatoa salamu, akaona uji kwenye masharubu ya mtu aliyetangaza saumu mtaa mzima. Fundi aliitikia salamu akiwa na kijiko mdomoni. Ustadhi akahamisha kapu mkono wa pili, akasema uji wa karanga una harufu nzuri, akaenda zake.

"Baba," Shamila alisema, "si ulikuwa umefunga?"

"Nilikuwa," fundi alijibu, akachota tena.

Binti alimtazama. Kwenye pembe ya mdomo wake kulipita kitu, si tabasamu lile la siku ya kwaya, lingine, la zamani. Akainua kijiko. Cha kwanza kilichukua muda mrefu kushuka. Cha pili kilichukua muda. Fundi alikazana kuangalia barabarani, akila polepole makusudi, akikwangua upande wake wa bakuli ili upande wa pili usionekane mkubwa.

Kwenye kona ya nyumba alitokea bata. Tangu dirisha liwekwe wavu alikuwa amepungua, akaweza tena kupita chini ya uzio bila msaada wa mtu. Alikuja mpaka kwenye ngazi ya baraza, akasimama karibu na mguu wa Shamila, akainua shingo na kungoja kama mtu mwenye haki zake.

Alingoja mpaka bakuli likawekwa chini. Siku ile hakupata kitu.